Kwizi yangu inakataa jibu sahihi!

SWALI: Shikamoo fundi, mi niko Chumbageni hapa Tanga, ndo kwanza najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa laptopu ya kaka. Nimeunda kwizi ya maswali mawili, mji mkuu wa Tanzania na mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Sasa naandika 1961 inaniambia umekosa! Na shoga angu akiandika dodoma kwa herufi ndogo nayo inamkatalia. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kompyuta yako nzima kabisa. Iko hivi, chochote unachoandika kwenye input, ile amri ya kupokea jibu la mtu, Python inakipokea kama maandishi, hata kama ni tarakimu tupu, kwa hiyo 1961 yako ni herufi nne tu zimepangana, we kwenye code (maagizo uliyoandika) umeilinganisha na namba 1961 bila alama za kunukuu, haviwezi kuwa sawa hata ukeshe. Andika if int(jibu) == 1961, alama ya sawasawa mbili, moja ni ya kuweka thamani tu. Ila mtu akiandika "sijui" hapo programu itakufa na maneno mekundu ValueError, ndo maana mi napenda kuacha jibu lilivyo na kulinganisha na "1961" ndani ya alama za kunukuu, kwa kwizi inatosha.

La Dodoma jepesi: jibu.strip().lower() == "dodoma". Strip inafuta nafasi za pembeni, lower inashusha herufi zote. Ukimaliza ongeza swali la mapango ya Amboni bwana, kwizi ya Tanga bila Amboni?