Saa ya kupigia mbizi ina tundu la nini ubavuni?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Tanga. Marehemu mjomba alifanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya mafuta ya baharini huko Ghuba, na ameniachia saa yake ya zamani, ya chuma, nzito. Usoni imeandikwa 2000 ft = 610 m, na chini kabisa, kandokando ya neno Swiss, kuna herufi T mbili ndogo. Ubavuni, mkabala na kifundo cha kutilia ufunguo, kuna kitu kama kizibo kidogo cha duara. Fundi mmoja wa mtaani kaniambia ni tundu la kutolea hewa. Nashangaa: saa iliyotengenezwa isiingie maji inatobolewa kwa nini? Na je, nikienda nayo kuogelea Raskazone itaharibika? Mwanga wa mishale nao umekufa, nataka kuipaka rangi mpya.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa na mjomba. Fundi wa mtaani hakukudanganya, ila hakumaliza maelezo. Kizibo hicho ni vali ya heliamu. Ili uielewe, ondoa kwanza wazo ambalo karibu kila mwenye saa ya namna hii analo, kwamba vali huisaidia saa kustahimili kina. Ukiwa majini, iwe mita 5 au mita 300, vali hiyo imefungwa na haifanyi lolote. Kazi yake hufanyika mahali pakavu.

Tuanze na bahari. Kila ukishuka mita 10, maji huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 610 saa inabanwa kwa nguvu ya zaidi ya mara 60 ya hiyo tuliyoizoea nchi kavu. Saa za mbizi zilijengwa zipambane na nguvu hiyo inayotoka nje kwenda ndani: mfuniko wa nyuma hukazwa kwa kuzungushwa, kifundo cha ufunguo vilevile, na kioo kinene cha plastiki hushindiliwa kwenye ukingo wake. Maji yakisukuma zaidi, kila kipande huzidi kukaa mahali pake.

Ufundi huo ulikomaa mapema kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh walishuka na chombo kiitwacho Trieste hadi kwenye sakafu ya Mfereji wa Mariana, bahari ya Pasifiki, karibu mita 10,900 chini. Nje ya chombo ilifungwa saa ya majaribio ya Rolex yenye kioo kinene kilichotuna. Ilirudi juu ikiwa inatembea. Halafu, miaka michache tu baadaye, saa nzuri za mbizi zikaanza kufyatuka vioo mikononi mwa watu waliokuwa wameishi kwenye kina cha mita 60 hivi. Vioo havikutoka majini. Vilitoka ndani ya chumba, wenye saa wakiwa wamekaa wanasubiri kutoka. Hapo ndipo historia ya tundu lako ilipoanzia.

Mtu anayepumua hewa iliyogandamizwa, mwili wake hufyonza gesi, hasa naitrojeni. Akipanda juu haraka, gesi ile hugeuka mapovu ndani ya damu na viungo, na mapovu hayo hulemaza na kuua. Wavuna majongoo bahari wa pwani yetu wanaotumia mitungi wanaujua ugonjwa huu, na baadhi yao hawakuinuka tena. Mpiga mbizi wa kina kirefu, kwa hiyo, akifanya kazi dakika chache hulazimika kupanda kwa saa nyingi, akisimama hapa na pale. Kazi ya siku moja inaliwa na safari ya kurudi.

Daktari wa jeshi la majini la Marekani, George Bond, alilishika jambo hili kuanzia mwaka 1957. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili una kikomo. Ukishashiba gesi kwa kina fulani, haushibi zaidi, hata ukikaa huko siku moja au mwezi mzima. Muda wa kupanda unabaki uleule. Kwa nini basi mtu apande kila siku? Ajengewe nyumba chini ya bahari, yenye mgandamizo uleule wa maji yanayoizunguka, aishi humo, atoke kufanya kazi na kurudi kulala, kisha apandishwe mara moja tu mwishoni.

Mwaka 1964 watu wanne waliishi siku 11 ndani ya nyumba ya namna hiyo iliyoitwa SEALAB I, karibu na Bermuda, mita 58 chini. Mwaka uliofuata ikaja SEALAB II mbele ya La Jolla, California, ambako Scott Carpenter, aliyekwisha kuizunguka dunia kwa chombo cha anga mwaka 1962, alikaa karibu mwezi mzima. Wafaransa nao hawakulala: Jacques Cousteau alikwisha kujenga kijiji kidogo cha namna hiyo mwaka 1963 huko Sha'ab Rumi, Bahari ya Shamu, upande wa Sudan. SEALAB III, mwaka 1969, ilipangwa kwa kina cha mita 186 na ikafutwa baada ya mpiga mbizi Berry Cannon kufariki. Nawataja kwa sababu maarifa yaliyomo kwenye saa ya mjomba wako yalilipiwa na watu.

Kwenye kina hicho hewa ya kawaida haifai, kwa kuwa naitrojeni ikigandamizwa hulevya. Sehemu kubwa ya gesi waliyopumua wakazi wa SEALAB ilikuwa heliamu. Heliamu ina chembe ndogo mno. Baluni ya mpira iliyojazwa heliamu leo, kesho imekwisha kunywea, ingawa hakuna aliyeitoboa. Gesi imepenya kwenye mpira wenyewe. Na saa ya mbizi inaziba maji kwa nini? Kwa mipira.

Sasa fikiria saa iliyokaa siku kumi ndani ya chumba kilichojaa heliamu. Kidogo kidogo gesi inapenya kwenye mipira mpaka mgandamizo wa ndani ya saa unalingana na wa chumbani, mara saba hivi ya hewa ya nchi kavu kwa kina cha mita 60. Mwenye saa hana dalili yoyote, mishale inazunguka kama kawaida. Kisha mgandamizo wa chumba unaanza kupunguzwa ili watu watoke. Mwili wa binadamu unapangiwa ratiba: kwa makadirio ya kazi hii, siku moja kwa kila mita 30, na siku moja ya ziada. Saa haikupangiwa ratiba yoyote. Mipira iliyoingiza heliamu pole pole inaitoa pole pole vilevile, na mgandamizo wa chumba unashuka haraka kuliko heliamu inavyoweza kutoka. Nguvu inageuka. Inatoka ndani kwenda nje, na kioo kilichoshindiliwa ili kistahimili msukumo wa nje hakina cha kukizuia upande huo. Kinafyatuka.

Wapiga mbizi walijua dawa ya haraka, nayo ni kulegeza kifundo cha ufunguo wakiwa bado chumbani ili gesi itoke. Inafaa, mradi ukumbuke kukikaza tena kabla ya kugusa maji. Robert Barth, aliyeshiriki katika SEALAB zote tatu, ndiye anayetajwa sana kwa kuwafikishia watengenezaji habari ya vioo hivyo. Mwaka 1967 Rolex iliomba hataza ya vali, ikaitia kwenye saa iliyoitwa Sea-Dweller, ya mita 610. Doxa nayo ilitoa saa yenye vali mwishoni mwa muongo huo. Yenyewe ni kitu kidogo sana: kizibo, springi na mpira. Gesi ya ndani ikizidi ya nje kwa kiasi kilichopangwa, springi inashindwa, kizibo kinanyanyuka, heliamu inatoka, kinafunga. Maji yakisukuma kutoka nje yanakikandamiza kizibo kwenye kiti chake.

Wengine walikataa kabisa kutoboa, na mimi kama fundi nawaheshimu zaidi hao. Omega, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitoa Seamaster 600 ambayo kasha lake ni pande moja la chuma lisilo na mfuniko wa nyuma. Seiko ilipata barua mwaka 1968 kutoka kwa mpiga mbizi wa Kure, Japani, akilalamika kwamba saa za kawaida hazihimili kazi yake ya kina kirefu. Mwaka 1975 ikajibu kwa saa ya mita 600 yenye kasha la titani na mpira wa umbo la herufi L uliozuia heliamu isiingie tangu mwanzo. Gesi isipoingia, hakuna haja ya kuitoa. Kila tundu unaloongeza kwenye saa ni mpira mmoja zaidi utakaozeeka.

Mafuta ya Bahari ya Kaskazini ndiyo yaliyoigeuza mbizi hii kuwa ajira, na kampuni ya Comex ya Marseille, iliyoanzishwa na Henri-Germain Delauze, ikawa jina kubwa la kazi hiyo. Ghuba yenyewe haina kina kirefu, wastani wake ni chini ya mita 50, na kazi nyingi za kina cha namna hiyo zinawezekana bila kuishi chumbani. Inawezekana kabisa vali ya mjomba haijawahi kufunguka hata mara moja. Wala wewe hutaihitaji. Hata mpiga mbizi wa leo anayebeba heliamu kwenye mtungi haihitaji, kwa sababu yeye anaipumua, lakini saa yake imezungukwa na maji.

Ukiniuliza kipande kipi cha saa hizi kimeokoa watu wengi zaidi, nitakuonyesha ile pete ya nje inayozunguka. Robert Maloubier na Claude Riffaud, waliokuwa wakiunda kikosi cha wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa, walitafuta saa ya kuonyesha dakika zilizopita tangu kushuka, wakaipata Blancpain mwaka 1953 kwa jina la Fifty Fathoms. Unaweka alama ya pete mkabala na mshale wa dakika, unashuka, na pete inakuhesabia. Kwa majedwali ya jeshi la majini la Marekani ya wakati huo, mita 18 ziliruhusu dakika 60 bila vituo vya kupandia, na mita 30 ziliruhusu 25 tu. Ukikosea hesabu kwa dakika kumi kwenye mita 30, umeshaingia kwenye hatari. Izungushe pete ya saa yako: ikizunguka pande zote mbili usishangae, za zamani nyingi ziko hivyo. Zilizofuata zikafanywa zizunguke upande mmoja, ili pete ikigongwa ikasogea, ionyeshe umekaa chini muda mrefu kuliko ukweli. Utapanda mapema, nawe utakuwa salama.

Sasa Raskazone. Usiende nayo. Mita 610 zilizoandikwa usoni ni ahadi ya saa ikiwa mpya. Mpira ukipita miaka mingi hukauka, hupasuka au hugeuka utomvu, na chumvi hula chuma pale mpira unapokalia. Saa yako ina njia nne za maji: kioo, mfuniko, kifundo na vali. Ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupima mgandamizo, na umwombe aipime kavu, kwa hewa, kabla ya kuigusisha maji. Mwambie wazi abadilishe na mpira wa vali, maana huo husahaulika sana. Hata ikifaulu, mimi ningeivaa kwenye mvua na kunawia mikono, basi. Kupata uso au mashine ya asili ya saa ya umri huo ni shida kubwa, na kikombe kimoja cha maji ya bahari kinaweza kuimaliza.

Fundi akiifungua, mwombe pia aangalie kama vali inapita hadi ndani ya kasha. Saa bandia nyingi huchorwa duara tu ubavuni, nyuma yake chuma kitupu. Kama ni halisi, bei yake inaweza kuwa ya mamilioni mengi ya shilingi, na hapo usiiache kwa fundi bila karatasi.

Kuhusu rangi, zile herufi T ni alama ya triti, kitu chenye mionzi hafifu kilichotumiwa kuangaza namba. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kitu, kwa hiyo saa ya miaka ya 1970 imebakiwa na chini ya sehemu moja kwa kumi. Imekufa kifo cha kawaida, nawe usiifufue. Wanunuzi wanaitafuta rangi ile iliyopauka, na ukiipaka upya utakuwa umefuta sehemu kubwa ya thamani. Kwa anayesoma hapa mwenye saa ya zamani zaidi, ya kabla ya miaka ya 1960, onyo langu ni kali: hiyo huenda imepakwa redi (radium), ambayo mionzi yake inadumu zaidi ya miaka elfu hata mwanga ukiwa umezimika. Usiifungue mezani nyumbani, usiikwangue, usivute vumbi lake.

Wala usikubali kasha lisuguliwe ling'ae. Kila kipande kitakachobadilishwa, hata mpira uliooza na kioo kilichokwaruzwa, mwambie fundi akurudishie kwenye kifuko, ukihifadhi pamoja na saa.