Maswali na Majibu: Gia za Mkono au Otomatiki kwa Kona za Lushoto?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Tanga mjini na kila mwezi napanda Lushoto kuwaona wazazi. Nimepata Suzuki Swift Sport mbili za mwaka 2008, zote zina injini ya lita 1.6. Moja ina gia tano za mkono, nyingine ni otomatiki ya gia nne, na bei zinakaribiana. Mimi napenda kuendesha, si kufika tu, lakini mke wangu alijifunzia otomatiki, na marafiki wananiambia gia za mkono zimepitwa na wakati. Lipi litanipa raha zaidi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kwa safari uliyoieleza na kwa magari hayo mawili, ningechukua la gia za mkono. Ungeniambia unaishi Kimara, Dar es Salaam, na kila asubuhi unakwenda Posta katikati ya jiji, ningekujibu vingine, kwa sababu mtu aliyeshinda akikanyaga na kuachia klachi kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro hafiki jioni akiwa na hamu ya kuendesha kitu chochote. Tanga haina foleni ya namna hiyo.

Sababu yangu kubwa iko ndani ya injini yenyewe. Injini ya Swift Sport hiyo inatoa nguvu farasi 125 inapofika mizunguko 6,800 kwa dakika, na msukumo wake mkubwa kabisa, nyutonimita 148, unapatikana kwenye mizunguko 4,800. Kwa lugha ya gereji, hiyo ni injini ya juu: ikiwa chini ya mizunguko 3,000 utadhani unaendesha gari dogo la kawaida la kwendea sokoni, na utamu wake unaanza pale ambapo madereva wengi huwa wameshabadili gia. Kwa hiyo raha ya gari hili inategemea sana ni nani anayeamua injini izunguke kwa kasi gani, wewe au giaboksi.

Chukua ile barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita zipatazo 33 za kupanda na kupinda, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Ukiwa na otomatiki ya gia nne unaikaribia kona, unaachia mafuta na kugusa breki. Kompyuta ya giaboksi inaona mguu umelegea, inadhani umetulia, inapandisha gia ya tatu. Katikati ya kona unakanyaga mafuta ili gari lijivute, halafu kwa muda wa pumzi moja hakuna kinachotokea. Kisha giaboksi inashuka gia ya pili kwa mshtuko, wakati ule ule ambapo matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta gari hili, yana kazi ya kupinda. Ukitoka hapo kona nyingine inakusubiri, na mchezo unaanza upya.

Ukiwa na gia za mkono unaingiza gia ya pili kabla ya kona, injini ikiwa karibu na mizunguko 4,000, na ukishaingia ndani ya kona huna jambo jingine la kuamua isipokuwa mguu wa kulia. Sahani ya klachi imebanwa moja kwa moja kwenye gurudumu la injini, kwa hiyo ukiongeza mafuta kidogo, kidogo hicho hicho kinafika kwenye tairi, na ukipunguza, pua ya gari inajirudisha ndani ya kona. Katika otomatiki ya aina hiyo nguvu hupita kwenye oili ya giaboksi: ndani ya ngoma moja kuna mapangaboi mawili yanayotazamana, la kwanza linarusha oili na la pili linasukumwa nayo. Kifaa hicho kina kufuli la kuyaunganisha, lakini kufuli hilo hufanya kazi zaidi gari likiwa kwenye mwendo wa kutulia, si unapochezesha mafuta mlimani. Ndiyo maana dereva anahisi kana kwamba mguu wake umefungwa kwa mpira.

Marafiki zako wana hoja, ila haihusu gari unalotaka kununua. Otomatiki za kisasa, hasa zile zenye klachi mbili, hubadili gia kwa haraka ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuifikia. Ya kwako ni ya gia nne, na nafasi kati ya gia na gia ni pana, kiasi kwamba mlimani mara nyingi utakuta ya pili inapiga kelele na ya tatu imelala. Na kama umefikiria kujichanga upate toleo lililofuata, lile la kuanzia mwishoni mwa 2011, otomatiki yake ni ya mkanda wa chuma usio na gia halisi, ambayo kwangu mimi ni nzuri kwa kubana mafuta na haina ladha. Kwa dokezo tu, Japani ilianzisha leseni ya otomatiki pekee mwaka 1991, na tangu hapo madereva wengi wa huko hawakuona haja ya klachi. Ndiyo maana magari ya gia za mkono yanayoshuka bandarini ni machache.

Kurudi Mombo, kanuni ni moja kwa magari yote mawili: shuka kwa gia uliyopandia. Mwenye otomatiki ashushe lever kwenye gia ya chini, asiiache D na kuegemea breki njia nzima hadi zichemke. Kuhusu wanaopiga frii mteremkoni, yaani kutoa gia na kuliacha gari liteleze lenyewe, ili waokoe mafuta, sina la kuwaambia zaidi ya kwamba injini ya kisasa ikiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, hukata mafuta yenyewe.

Mkeo msimtishe. Kinachowashinda wengi ni kuondoka mlimani, nako ni kazi ya sikio. Avute handbreki, aweke gia ya kwanza, aongeze mafuta kidogo, aachie klachi polepole hadi asikie mlio wa injini umeshuka na aone boneti imeinuka kidogo. Ashike hapo, ndipo ashushe handbreki. Mchana mmoja wa Jumamosi kwenye mteremko usio na magari, tena bila wewe kupaza sauti, utamtosha.

Kabla ya kulipa, likague la gia za mkono hivi. Likiwa bado la baridi, ingiza gia ya pili kwa haraka kidogo. Likikwaruza, pete zinazolinganisha mwendo wa gia zimelika. Kisha tembea polepole ukiwa gia ya nne, kanyaga mafuta hadi chini: mizunguko ikiruka juu na spidi isiongezeke, klachi inateleza. Hilo lisikukimbize, ila bei ishuke kwa thamani ya sahani, kibanio chake na beringi, vyote vitatu, maana kazi ya kushusha giaboksi ni ile ile ubadilishe kimoja au vyote.