Re: Waasisi wa Marekani walikuwa Wakristo au la?

Habari mkuu. Umeuliza waasisi wa Marekani walikuwa Wakristo kweli au walimwamini Mungu tu bila dini, maana kila unachosoma kinapingana. Mimi nilikwama hapohapo nikiandaa mdahalo, na kilichonitoa ni kuacha kuwaweka wote kapu moja. Anza na barua zao wenyewe, angalia nani kaandika, kwa nani, mwaka gani.

Mfano Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru na baadaye rais wa tatu. Alichukua wembe akakata mistari ya Injili kwa lugha nne, Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akaibandika kwenye kitabu kimoja alichokimaliza kama 1820, mafundisho ya Yesu yakabaki, miujiza mingi ikatupwa, na kitabu kinaishia jiwe linapovingirishwa kaburini, ufufuo haumo kabisa. Sasa huyo utamwitaje? Yeye alijiita Mkristo, kwa maana yake mwenyewe.

Benjamin Franklin, muasisi mwingine, wiki chache kabla hajafa 1790, alimwandikia Ezra Stiles, mchungaji aliyekuwa mkuu wa chuo cha Yale, kwamba anamwamini Mungu mmoja ila uungu wa Yesu ana mashaka nao. Lakini Witherspoon aliyesaini Azimio la Uhuru 1776 alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri, na Charles Carroll, aliyesaini pia, alikuwa Mkatoliki!

Kwa Washington, rais wa kwanza, soma barua yake ya 1790 kwa Wayahudi wa mji wa Newport, Rhode Island, anawaambia serikali haiupi ubaguzi kibali. Ile mimi inanigusa sana, ila kumbuka mwandishi wake alimiliki watumwa, usiliruke hilo kwenye insha yako.