Stata haipigi mpaka utikise ufunguo, na stelingi inacheza

Swali: Pikapu yangu ni ya zamani, ya gia za mkono. Ufunguo unazunguka hadi mwisho lakini stata haipigi mpaka niutikisetikise. Stelingi nayo inacheza juu na chini. Nimeambiwa ninunue nguzo nzima ya stelingi. Ni lazima?

Jibu: Usinunue kitu bado. Anayekushauri ubadilishe nguzo nzima anajirahisishia kazi.

Kitasa na swichi ni vitu viwili. Kitasa kinapokea ufunguo. Swichi ya umeme hukaa nyuma yake, mara nyingi kwa skrubu ndogo mbili. Chomoa waya hasi wa betri, toa makava ya chini ya usukani, ufungue swichi bila kuchomoa soketi yake. Rudisha waya wa betri, gia iwe huru na breki ya mkono imevutwa, kisha zungusha swichi kwa bisibisi bapa. Ikipiga stata kila mara, mkia wa kitasa umelika. Ikisumbua vilevile, thibitisha kwa multimita: ncha moja kwenye waya unaoleta umeme wa betri, nyingine kwenye waya uendao stata, huku mtu ameshikilia swichi mahali pa kuwasha. Ikizidi nusu volti, shaba za ndani zimeungua. Ikisoma karibu sifuri na stata imenyamaza, geukia swichi ya klachi au ule waya mwembamba kwenye stata.

Swichi huungua kwa sababu umeme wa solenoidi ya stata (sumaku ya umeme inayoiamsha stata) hupita humo kila unapowasha. Ukiweka mpya, iongezee rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya ampia 40, la sivyo utarudi palepale. Namba za pini zimeandikwa kwenye rilei: pini 30 inatoka betri kupitia fyuzi ya ampia 30, 87 inakwenda kwenye waya mwembamba wa stata, 86 inapokea waya wa zamani wa swichi, 85 inafungwa kwenye bodi.

Kitasa kikiwa ndicho kibovu, weka ufunguo kwenye ACC (hatua ya kwanza, ya redio), bonyeza pini ya kwenye tundu dogo kwa waya wa milimita 2, ukivute. Kipya kisitiwe oili, huokota vumbi. Unga wa grafiti unatosha.

Sasa stelingi. Mtu ainue na kushusha usukani huku wewe ukichungulia chini ya dashibodi. Nguzo nzima ikisogea, kaza bolti za mabano yake. Ikisogea shafti peke yake ndani ya nguzo, bushi (pete inayoshikilia shafti) ya juu imekwisha. Usukani ukizunguka kidogo kabla tairi hazijafuata, kagua krosi (kiungo kinachopinda cha shafti) ya chini.

Loki ya stelingi (inayofunga usukani ukitoa ufunguo) ikibidi itoke, bolti zake hazina vichwa. Vilikatwa makusudi kiwandani. Zizungushe kinyume cha saa kwa tindo na nyundo, taratibu. Unapofunga mpya, kaza kwa mkono tu kwanza, ufunguo kwenye ACC, uzungushe usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Pini ya loki ikigusa shafti hata kidogo, ifungue tena. Usikie kimya kabisa ndipo ukaze hadi vichwa vikatike.