Kabla ya Kumpaka Rangi Ripley, Soma Haya

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mombasa, ukiwa na picha ya kijisanamu cha LEGO, yule mtu mdogo wa plastiki wa kuchezea, alichokigeuza kuwa Ripley, shujaa wa kike wa Alien, filamu ya chombo cha anga kinachovamiwa na mnyama wa kutisha. Alimchora mfuko kwa mfuko na zipu kwa zipu, akamaliza kwa kumpulizia vanishi, na vanishi hiyo ikageuka ukungu mweupe uliofunika kazi yote. Aliniuliza amekosea wapi. Jibu la ukungu ni fupi: alipuliza masika, hewa ikiwa imejaa unyevu. Asubiri siku kavu, au apake vanishi ya maji kwa brashi laini. Hata hivyo kosa lake kubwa halikuwa vanishi, na ninalifahamu kwa sababu na mimi nililifanya, tena mbele ya watu.

Niliiona Alien nikiwa mtoto, katika banda la video Tanga, miaka mingi baada ya kutoka kwake mwaka 1979. Wenzangu walimkumbuka mnyama. Mimi nilimkumbuka Parker, fundi wa mitambo aliyechezwa na Yaphet Kotto, mtu mweusi ndani ya chombo cha anga za mbali ambaye hakuwa mfalme wala mtumwa, bali mfanyakazi aliyetaka kujua kwa nini malipo yake na ya mwenzake Brett ni pungufu kuliko ya wengine. Nilipohamia Uingereza na kuanza kutengeneza vijisanamu, nilijiwekea azma ya kuwatengeneza watu wote saba wa chombo kile, na Parker ndiye niliyeanza naye.

Ni vyema ukumbuke kwamba kijisanamu hiki kilipotoka mwaka 1978 uso wake ulikuwa wa njano, na ukabaki hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2003 ndipo zilipoanza kuonekana rangi za ngozi za watu halisi, na miongoni mwa wa kwanza alikuwa Lando Calrissian, mhusika mweusi wa filamu za Star Wars. Kwa hiyo kichwa cha kahawia kinapatikana, nami nakusihi ukitafute badala ya kupaka rangi kichwa cha njano, kwa maana rangi ya brashi hukwanguka kila unapovalisha nywele. Kukisafisha, yaani kukifuta uso uliochapwa kiwandani ili uchore wako, nilijifunza kwa hasara. Nilitumia asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, na plastiki ya kichwa, iitwayo ABS, ikalainika na kuharibika mikononi mwangu; vichwa viwili vilikwenda hivyo. Siku hizi natumia Brasso, ile ile ya kung'arishia vifungo vya sare, nikisugua taratibu kwa kitambaa cha pamba hadi mchoro wa zamani utoke.

Nilikesha majuma matatu nikichora uso wa Parker kwenye kompyuta. Niliweka mikunjo ya paji la uso, vivuli vya mashavu, jasho, hata mishipa ya shingo, kisha nikachapa yote kwenye karatasi angavu ya stika za maji, ile inayolowekwa hadi utando wake uteleze juu ya plastiki. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa Parker mwenyewe hasa. Juu ya kichwa cha kahawia alitoweka. Printa ya nyumbani haina wino mweupe. Mahali penye weupe huacha wazi, ikitegemea karatasi iwe nyeupe, na karatasi angavu inapokaa juu ya kahawia, macho nayo huwa kahawia. Nililiona hilo, lakini nikajiambia kwamba mwenye kuijua filamu atamtambua tu.

Nilimpeleka kwenye mashindano ya chama kimoja cha wapenzi wa kazi hizi. Mwamuzi alimshika kwa vidole viwili, akamgeuza, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikamtajia. Akasema alidhani sijammaliza, akamrudisha mezani na kuendelea kwa jirani yangu. Miaka minne imepita, na bado naweza kukuonyesha mahali nilipokuwa nimesimama. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtu niliyetaka aonekane nilikuwa nimemfuta mwenyewe.

Nilimtia Parker kwenye kopo la vifungo na sikumgusa karibu mwaka mzima. Nilipomtoa, kwanza niliitazama filamu upya bila kushika kisu wala brashi, nikaandika kila kilichonifanya nimjue Parker hata akiwa mbali na kamera. Orodha ilikuwa na vitu vitatu tu: kitambaa alichojifunga kichwani, nguo ya kazi iliyo wazi kifuani, na macho yake. Vingine vyote nikavifuta. Kitambaa nilikichapa kwenye karatasi nyeupe ya stika, ukanda wa milimita mbili unaozunguka kichwa. Macho nilipaka kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno, tone la rangi nyeupe ya akriliki iliyozimuliwa kidogo, likakauka, nikarudia, kisha nikaweka nukta nyeusi katikati. Jicho la kushoto nililifuta na kulirudia mara sita. Lilipokaa sawa, alinitazama, nami nikainuka mezani nikazunguka chumba.

Ndugu zangu, tunachora kupita kiasi kwa sababu tunaogopa kwamba mtazamaji hataona mapenzi yetu. Kijisanamu hiki kina urefu wa sentimita nne, na kiwiliwili chake hakizidi milimita kumi na sita kwa upana. Hakina nafasi ya kubeba wasiwasi wako. Mpe mhusika alama zake na umwache asimame. Kama unatumia printa ya wino, puliza vanishi juu ya karatasi kabla ya kuiloweka, la sivyo wino utakimbilia majini. Lakini hata hilo lina faida ndogo kama hujaamua cha kuacha.

Mwezi uliopita niliwapanga wote saba kwenye maonyesho: Dallas, Kane, Lambert, Ash, Brett na kofia yake, Ripley akiwa na paka, na Parker pembeni. Sikuweka kibao cha majina. Mzee mmoja mwenye fimbo aliinama, akamnyooshea kidole wa mwisho na kusema, "Parker. Je, walimlipa?" Sikuweza kumjibu mara moja.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Mombasa, mfute Ripley wako. Itazame filamu mara mbili, mikono ikiwa mitupu, kisha niandikie alama zake tatu. Usinitumie picha mpya kabla ya hapo.