Huo si ugomvi, mkuu, ni posa

Mkuu uliyeleta uzi huu hapa jukwaani, umesema una samaki wa tangini aina ya boesemani wanne, madume watatu na jike mmoja, na kila asubuhi madume wanawaka rangi na kuzungukana kama majogoo, kisha jike anakimbizwa mpaka kwenye kona. Unauliza uwatenganishe? Hapana. Sehemu kubwa ya unachokiona ni uchumba. Kasoro yako ni hesabu ya majike.

Nasema hivyo kwa sababu mimi niliwatenganisha. Niko Sakina, hapa Arusha, na nilikuwa na madume wawili na majike watatu. Nilimtoa dume mkubwa nikamweka peke yake, nikajiona nimeleta amani. Haikupita wiki mbili wote wawili wakapauka, aliyebaki akawa kama shati lililoingia jiki. Miezi miwili sikuona yai. Dume wa aina hii hujipamba akiwa na mshindani na jike wa kumtazama. Ukimwondolea mwenzake, ajipambe kwa ajili ya nani?

Fanya hivi: kesho kaa mbele ya tangi mapema, kabla hujawalisha. Kwangu huanza kama saa kumi na mbili na nusu, mwanga wa kwanza unapogusa kioo. Madume wanajipanga ubavu kwa ubavu, mapezi yote yamesimama, yale mawili ya mgongoni na la tumboni. Bluu ya mbele inakolea, chungwa la nyuma linawaka. Halafu tazama kipaji cha uso: mstari mweupe unatokea kuanzia mdomoni kupanda hadi mgongoni, unang'aa, unazimika, unawaka tena. Sekunde chache tu, kama mtu anayechezea swichi ya taa. Mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa wa ngozi, nikaanza kutafuta dawa!

Mstari huo ndio maneno yake. Dume anampitia jike mbele, anamwonyesha ubavu, anaogelea kuelekea kwenye majani na kurudi kumfuata. Jike asiye tayari anakata kona na kuondoka, basi. Aliye tayari, tumbo limejaa, anaingia naye kwenye majani, wanabanana, wanatetemeka kwa pamoja kufumba na kufumbua, wanaachana. Hapo yameanguka mayai machache tu. Hawatagi yote kwa mkupuo, wanarudia, siku baada ya siku. Ndiyo maana jike mmoja kwa madume watatu ni mateso: hapati hata siku ya kupumua. Kila dume apate majike wawili.

Mayai ni kama milimita moja, yanapitisha mwanga, yana vinyuzi vinavyonata. Huna haja ya kununua mtego wa mayai wa duka. Mimi nilifumua sweta la mtumba kutoka soko la Memorial, nilipokwenda Moshi kwa shangazi, nikafunga nyuzi fungu moja kwenye kizibo cha chupa lielee. Nunua sweta la nailoni, la pamba litaoza. Jioni vuta nyuzi kati ya vidole, utahisi vipunje vigumu. Hamishia fungu lote kwenye beseni lenye maji ya tangi lilelile, maana wazazi wanakula mayai na watoto bila aibu. Yanayogeuka meupe kama maziwa yameoza, yatoe.

Maji yasiwe na baridi. Juni na Julai tangi langu lilishuka hadi nyuzi 19 na mstari ule ukapotea kabisa. Nilipoweka hita ya kushika 26, wakarudi. Kwa joto hilo mayai huanguliwa siku ya saba hadi ya kumi. Mliopo Moshi mjini mna nafuu kidogo. Na tafadhali, acheni kuwachemshia majani ya mti wa mkungu eti kulainisha maji. Hawa asili yao ni maziwa ya Ayamaru, Papua ya Indonesia, kwenye mawe ya chokaa. Wamezoea maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uchachu) iliyo juu ya 7.

Watoto waliniua moyo. Kundi la kwanza nililipa chakula cha wakubwa nilichosaga, wakafa wote kwa siku nne. Midomo yao ni midogo mno. Kundi la pili nililea kwa maji ya kijani: chupa ya maji ya tangi, dirishani kwenye jua, mpaka yageuke rangi. Watoto hukaa juu kabisa, kwa hiyo chakula kielee huko. Baada ya siku kumi hivi nikaingiza artemia, wale vijidudu wa jamii ya kamba wa maji ya chumvi, waliototolewa karibuni.

Kuna mtu hapo juu amekushauri uchanganye na praecox, ndugu zao wale wadogo wa bluu, ili tangi lipendeze. Kupendeza litapendeza, lakini samaki hawa huzaa chotara wao kwa wao, na chotara wakiingia sokoni hakuna atakayejua tena anauza nini. Mimi sifanyi.

Sasa nimeitazama picha yako ya pili kwa makini. Yule dume wa tatu, nyuma ya filta, amepauka na pezi la mkia limechanika. Huyo hashindani tena, anapigwa. Mtoe huyo tu, leo leo, na wale wawili waache.