Barua kwa mwanangu: kwanini gobole liliushinda upinde

Mwanangu, mama yangu,

Meseji yako nimeiona, nikasema hili la kujibu kwa mstari mmoja ntakuwa nakuonea. Umeuliza kama bunduki za mwanzo zilikuwa zinachelewa kupakia na shabaha hazina, kwanini majeshi yakaacha upinde, si ni kurudi nyuma huko, alafu ukamalizia kwamba wewe ungekuwa mwindaji usingeuacha upinde wako hata kwa dawa. Hapo kwa mwindaji ndo umegusa penyewe, ila tuanze na vita.

Kwenye spidi uko sahihi kabisa. Mpiga mishale mzuri anaachia kumi kwa dakika, mwenye gobole la utambi akifikisha mara mbili kajitahidi. Na kazi yake si ndogo, anamwaga baruti mtutuni, anatia risasi, anashindilia kwa mdeki (fimbo ya kusukumia risasi mtutuni), anaweka baruti nyingine kidogo kwenye kisahani cha pembeni, anapuliza utambi unaofuka ili ushike vizuri, na huo utambi wenye moto yuko nao muda wote huku kiunoni kajibebea baruti. Mvua ikinyesha imekula kwake.

Sasa muulize huyo mpiga mishale katokea wapi. Kuna meli ya kivita ya mfalme Henry VIII wa Uingereza inaitwa Mary Rose, ilizama 1545 wakaja kuinyanyua 1982, na humo walikuta pinde zaidi ya 130 na mishale zaidi ya 3,500. Wataalamu walivyozipima zile pinde wakakadiria zilitaka mvuto wa kilo 45 na kuendelea, nyingine zinakaribia 80, yaani chukua mfuko wa simenti uuvute kwa vidole vitatu mpaka sikioni, alafu rudia tena na tena wakati watu wanakujia na mapanga. Kwenye mifupa ya baadhi ya waliokufa humo kuna kimfupa cha juu ya bega ambacho mtu akishakua kinatakiwa kiwe kimeungana, chao hakikuungana, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba walikuwa wanavuta pinde nzito tangu utotoni. Mtu wa hivyo humpati kwa tangazo la kazi. Ndo maana mwaka 1363 mfalme Edward III aliamuru wanaume wajifunze kulenga mishale siku za sikukuu na michezo mingine ikapigwa marufuku, mpira ukiwemo (ungemsikia kaka yako).

Gobole halitaki utoto wa mtu. Unamchukua mkulima shambani, wiki chache za mazoezi anajua kupakia na kufyatua kwa amri, akifa unamleta mwingine. Shabaha mbovu wala haikuwasumbua sana makamanda kwa sababu adui mwenyewe kajipanga mstari mrefu, ukimkosa uliyemlenga utampata jirani yake, na risasi ikipata mtu kwa karibu inatoboa hata deraya ya chuma ambayo mshale unateleza. Japani bunduki zilifika na Wareno mwaka 1543 kwenye kisiwa cha Tanegashima, na 1575 pale Nagashino askari wa miguu wa mbabe wa vita Oda Nobunaga walijipanga nyuma ya uzio wa miti wakawamaliza wapanda farasi wa ukoo wa Takeda, watu waliozaliwa kwenye kazi hiyo. Mimi naona hapo ndo jibu lako lilipo. Kamanda alikuwa anatafuta silaha ya kumpa mtu yeyote, ubora wake mkononi mwa fundi haukuwa hoja.

Mwindaji shida yake ni nyingine kabisa. Yeye ni mmoja, mnyama ni mmoja, na huyo mnyama ana pua na masikio, sasa utambi unaofuka moshi utamfikisha wapi? Angalia Wasan, wawindaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, upinde wao mdogo ukiuona utaucheka, hauna nguvu ya kuangusha mnyama mkubwa. Kazi inafanywa na sumu ya funza wa mbawakawa fulani, na sumu yenyewe hawaipaki kwenye ncha, wanaipaka nyuma yake kidogo, ili mtu akijichoma kwa bahati mbaya asife yeye. Mshale ukiingia kigumba kinabaki ndani, mpini unadondoka, alafu inaanza safari ya kufuata nyayo, saa nyingi, wakati mwingine mpaka kesho yake.

Hata bunduki ilipoingia porini haikuwa ile ya jeshini. Mtutu wenye mifereji inayozunguka ndani, unaoizungusha risasi ikaenda imenyooka, ulishajulikana miaka ya 1500, wawindaji wa Ujerumani wakaupenda, majeshi mengi yakaupita kwa sababu risasi lazima ibane kwenye mifereji na kuishindilia ni kazi. Majeshi yalikuja kuukumbatia baada ya 1849, Mfaransa Minié alipotoa risasi nyembamba inayoteleza mpaka chini kirahisi alafu inatanuka ikishafyatuliwa.

Alafu kuna hili ambalo hukuuliza ila ntakupa. Mkutano wa mataifa wa Hague, Uholanzi, wa 1899 ulikataza vitani sumu, na pia risasi zinazotanuka au kubapa kirahisi mwilini, zile za dumdum, kwa hoja kwamba zinamtesa mtu kupita kiasi. Kwa mnyama hesabu inageuka, risasi ngumu inaweza kupita moja kwa moja akakimbia na kidonda akafie mbali baada ya siku mbili, inayotanuka inamwangusha hapohapo. Kwahiyo Uingereza kwenye sheria yao ya kulungu ya 1991, ukienda kuwinda kwa raifo (hiyo bunduki ya mifereji) risasi inayotanuka ni lazima, ukitumia ile ya jeshi umevunja sheria.

Baba yako